Tulivyompima Mwalimu wa Binti Yangu

Mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Mombasa, na nilipoolewa nikaletwa bara, Homa Bay, nikakuta kaunta nyingine inaningoja, na ziwa badala ya bahari, na samaki watamu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu wa kwetu. Mtu wa vitambaa haamini maneno yaliyoandikwa kwenye pindo. Yeye anakunja, anavuta, anasugua kwa kidole kilicholowa aone kama rangi itachuja. Ndivyo nilivyowapima wataalamu waliokuja kumtazama binti yangu katika miaka ile ya tisini, na nasema bila haya kwamba walioanza walichuja.

Binti yangu alikuwa na miaka minane, mnene wa mashavu, mpenda maji na mpenda kila kitu kinachozunguka. Maneno alikuwa nayo, ila hayakuwa yake. Ukimwambia "Njoo ule," naye anakwambia "Njoo ule." Ukimuuliza "Unataka maji?" anakujibu "Unataka maji?" kwa sauti yako mwenyewe, na ukikohoa katikati na yeye anakohoa. Siku hizi watu wana neno usonji. Sisi wakati ule hatukuwa nalo. Baadhi ya majirani walisema ana pepo, wengine wakasema ni maringo ya watu wa pwani yamemwingia mapema, na mimi niliwajibu wote kwa ukali uliowastahili.

Mume wangu alikuwa na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mwenye duka la vyombo Migori. Mtu mkarimu, lakini alipenda sana kuamua mambo ya nyumba za watu. Mapema mwaka ule alikuja akatuketisha chini. "Mtoto apelekwe Mombasa kwa mama yetu," alisema. "Kule kuna ghorofa ya juu, atakaa kwa raha zake, na watu hawatamwona." Yeye alilitilia mkazo neno raha. Mimi nililosikia ni hilo la watu hawatamwona. Mume wangu ni mtu mpole, na mbele ya kaka yake huwa mpole zaidi. Nilibishana peke yangu mpaka sauti ikanikauka. Mwisho tukakubaliana hivi: nikimpata mtaalamu wa kweli kabla ya Idi kubwa, mtoto atabaki kwetu. Nisipompata, siku ya pili ya Idi shemeji atakuja na pikapu yake amchukue.

"Mtaalamu wa kweli," alinikumbusha akiwa mlangoni, "si porojo za wanawake."

Wa kwanza alikuwa huko huko Migori, na shemeji mwenyewe ndiye aliyemsifu. Bwana wa tai nyekundu na ofisi yenye pazia. Alimketisha binti yangu mbele yake, akauliza, "Unaitwa nani?"

"Unaitwa nani?" akauliza binti yangu.

Yule bwana akafurahi. Akajitaja jina lake, na la baba yake, na chuo alichosomea. Kisha akauliza, "Una miaka mingapi?"

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili," akajibu, akacheka. Akanigeukia. "Mama, mtoto huyu ni mdadisi sana. Ana aibu kidogo tu, itaisha akikua."

Nilimtazama mume wangu, mume wangu akatazama viatu vyake. Njiani kurudi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baada ya hapo nikalia kweli, maana nilikuwa nimemwekea bwana yule matumaini.

Wa pili alikuwa bibi mmoja kutoka Nairobi aliyekuja Homa Bay kwa siku chache na kukodi chumba mjini. Huyo alikuwa na sheria moja: mtoto asipate kitu chochote mpaka amtazame machoni. Akamshika kidevu. Binti yangu akapiga ukelele. Bibi akampa peremende anyamaze. Akanyamaza. Akashikwa kidevu tena, akapiga ukelele tena, akapewa nyingine. Kabla ya saa kwisha binti yangu alikuwa ameielewa biashara yote: alipiga ukelele kwanza, mkono ukiwa tayari umekunjuliwa. Nikamuuliza yule bibi, kwa heshima, "Na njia hii isipofaa, utafanya nini?"

"Mama, njia hii haishindwi," alisema.

Nililipa, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda zetu.

Ng'ambo ya duka letu aliketi mama mmoja wa samaki, jirani yangu na mshauri wangu wa kila jambo. Kwa desturi yao Wajaluo mwanamke huitwa kwa kule alikotoka, kwa hiyo mimi alikuwa ananiita nyar Mombasa, binti wa Mombasa. Yeye hakuona kasoro yoyote kwa mtoto. Kila asubuhi alimwita, "Oyawore!" na binti yangu akamjibu "Oyawore!" wazi kabisa, kwa lafudhi safi ya ziwani. Sasa, Kijaluo kina utu wake. Salamu ya asubuhi hujibiwa kwa kurudishwa ilivyo. Kwa hiyo mtoto wangu, ambaye kila kitu alikirudisha kilivyo, alikuwa ndiye mtoto mwenye adabu kuliko wote mtaani.

"Nyar Mombasa, sida iko wapi?" aliniuliza. "Nyathini wuoyo! Huyu mtoto anaongea. Kijaluo anajua, ni hii Kiswahili yenu ndiyo ngumu."

Nilicheka, lakini usiku ule nililifikiria neno lake nikaona lina maana. Kiswahili chetu kimetega mitego mlangoni. Ukiambiwa hujambo lazima useme sijambo, na ili useme sijambo lazima kwanza ujue kuwa wewe ni wewe na mimi ni mimi. Salamu ya dini ni hivyo hivyo, unaletewa hivi unarudisha vile. Binti yangu kila siku alianguka kwenye kizingiti hicho hicho, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyekuwa ameinama kukitazama.

Ni yule yule mama wa samaki aliyenipa habari za mwalimu. Shule moja ya msingi ilikuwa imefungua darasa la watoto wa aina hiyo, na mwalimu wake alikuwa msichana Mkuria, mtu wa Kegonga, ametoka chuoni juzi tu. "Lakini huyo ni mkali," alinionya. "Mkali kama wewe."

Nilimkuta ni mrefu, sauti kubwa, na cheti chake amekitia fremu na kukitundika ukutani juu ya ubao, mahali ambapo wengine hutundika picha ya rais. Sikuzunguka mbuyu. Nilimwambia nimekuja kumpima.

"Nipime tu, mama," alisema. "Hata mimi nitakupima."

Akamwinamia mwanangu. "Hujambo?"

"Hujambo?"

Nilingoja acheke, au amsifu, au amshike kidevu. Hakufanya hata moja. Alizunguka akaketi nyuma ya mtoto, mdomo karibu na sikio lake. "Mama, sasa wewe msalimie," aliniambia. Nikasema, "Hujambo?" Mwalimu akanong'ona kabla ya mtoto kuwahi: "Sijambo." Na binti yangu akasema, "Sijambo."

Nikaketi kwenye kidawati cha mtoto, na mimi si mtu wa vidawati.

"Yeye anarudisha kile anasikia," mwalimu alisema. "Basi tumpe kile kinafaa kurudishwa. Usimuulize kama anataka maji. Mpe hayo maji, na useme wewe, kama ni yeye anaongea: Nataka maji."

"Hilo umelitoa wapi?"

"Chuoni," alisema, akaonyesha ukutani. "Hiyo karatasi nimelalia njaa, mama. Sikuinunua."

Nikamtolea swali langu la mwisho, lile la kidole kilicholowa. Na hili lisipofaa?

"Halitafaa mara mingi," alisema. "Nikiona halifai nitakwambia, na nitajaribu ingine. Na wewe ukiona mbele yangu, niambie, usinionee haya."

Nilisugua, nikasugua, rangi haikutoka. Jioni nilimwambia mume wangu nimempata. Akaniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba hakika ni ya Mungu, mimi nina mwalimu.

Basi nyumba yetu ikawa nyumba ya vichekesho. Nilikuwa nasimama dukani katikati ya wateja, natoa biskuti kwenye kopo na kutangaza, "Nataka biskuti!" kisha nampa mwanangu. Bwana mmoja aliyekuja kununua shuka alinihurumia. "Mama, si duka ni yako? Chukua tu." Nyumbani nilisema "Nataka chai" nikamkabidhi mtoto kikombe, na mgeni aliyekuwa sebuleni akainuka kunimiminia mimi. Lakini aliyepata taabu zaidi ni mume wangu. Ijumaa moja, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kazi nzuri, tayari kwa msikiti, binti yetu alianza kurukaruka kwa namna tuliyoijua. Duka lilikuwa limejaa. Mume wangu akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu, na kwa sauti kubwa na ya wazi kama mwalimu alivyoagiza, akasema, "Nataka kukojoa!"

Mzee mmoja aliyekuwa anachagua blanketi akampisha kwa huruma. "Choo iko nyuma, mzee. Pole sana."

Alirudi kimya, akanawa, akaenda msikitini, na hakunisemesha mpaka alasiri. Lakini kesho yake mtoto alipoanza kurukaruka alimshika mkono tena na kusema tena, kwa sauti ile ile, na mimi siku hiyo nilimpenda mume wangu kuliko siku ya harusi.

Mwalimu naye alikuwa akikosea, na hapo ndipo nilipozidi kumwamini. Alileta picha alizochora mwenyewe, za chakula, ili mtoto achague. Binti yangu alizila. "Nimekosea," mwalimu alisema, akitoa kipande cha ndizi ya karatasi kinywani mwake. "Bado ni mapema." Akaziweka kando. Wale wawili wa mwanzo hawakuwahi kulitamka neno hilo la nimekosea, na ni neno fupi. Na alinipima kweli kama alivyoahidi. Siku moja alikuja dukani, akakaa pembeni, kisha akaniambia, "Mama, wewe unauliza na unajijibu. Ukiuliza, nyamaza. Hiyo kimya yako ndiyo nafasi yake." Nilimweleza kwamba dukani ukinyamaza mteja anaondoka. Akasema huyu si mteja, haendi popote. Aliposema haendi popote nilikumbuka pikapu ya shemeji, nikajifanya napanga leso.

Kisha asubuhi moja, hakuna aliyesema lolote, binti yangu alikuja jikoni akasimama mbele ya mtungi. "Nataka maji," alisema. Sauti ilikuwa yangu, na kikohozi kilikuwa changu, lakini kiu ilikuwa yake. Nilimpa maji, nikampa tena, nikampa mpaka akayamwaga.

Baada ya hapo mimi na mwalimu tukagombana. Nilifika darasani nikamkuta ameweka mbele ya mtoto sahani ya uji wa wimbi, chakula ambacho binti yangu hakivumilii hata kwa harufu. Mtoto akisukuma sahani, mwalimu ananong'ona sikioni, "Sitaki," na kuiondoa sahani mara moja. Nilishtuka. Kwetu sisi mtoto, tena wa kike, hamwambii mkubwa sitaki. Husema nimeshiba, husema ahsante, husema baadaye inshallah. Nikamwambia mwalimu kwamba nimemleta mtoto afunzwe maneno, sikumleta afunzwe utovu wa adabu.

"Mama, mtu akisema ndiyo na hajui kusema hapana, hiyo ndiyo yake utaiaminije?" aliniuliza. "Siku mtu mbaya akimwambia twende?"

"Mfundishe kitu kingine."

"Nitamfundisha hii. Kama nimefeli kwako, nifelishe."

Niliondoka nimenuna. Kwa siku kadhaa nilifikiri kumwachisha, kwa sababu nina kiburi, na kwa sababu nilijiuliza mama mkwe wangu angesema nini. Sikumwachisha. Lakini neno lenyewe mtoto hakulitumia. Alisukuma sahani, alisukuma watu, sitaki haikutoka, na Idi ilikuwa inakaribia.

Siku ya pili ya Idi shemeji, ambaye tulipompa habari za mwalimu alisema atakuja kujionea mwenyewe, alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa amevaa vizuri, ameleta zawadi, na pikapu ameigeuza kabisa ikatazama barabara. Mume wangu alikuwa amefunga mkoba wa mtoto na kuuweka karibu na mlango, kwa kuwa alimwogopa kaka yake, na sikumsemesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimemwalika mwalimu aje kula pilau. Kusema kweli nilimwalika aje kupigana.

"Haya, tumwone huyo aliyesoma," alisema shemeji akiwa ameketi. Akamwita binti yangu. "Assalaam alaykum."

"Assalaam alaykum," akasema binti yangu.

"Ameniamkia mimi, badala ya kunijibu." Akatabasamu kwa upole, tabasamu la mtu aliyeshinda. "Unanijua mimi ni nani?"

"Unanijua mimi ni nani?"

Shemeji akakunjua mikono kututazama sote. Mwalimu akaweka sahani yake chini.

"Mzee, hayo yote hayamhusu," alisema. "Umekuja kumchukua. Muulize hiyo. Kisha unyamaze."

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia shemeji anyamaze. Alimtazama mwalimu, akamtazama mdogo wake, kisha akamgeukia mtoto. "Haya, mwanangu. Unataka kwenda Mombasa na ami?"

Kimya. Mume wangu alifungua mdomo amsaidie, mwalimu akainua kidole. Nilijua kitakachokuja, swali litarudi lilivyo, na pikapu itaondoka. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Niliumeza. Binti yangu alitazama feni, akatazama mkoba mlangoni, akatazama feni tena.

"Sitaki," alisema.

Shemeji akainama mbele. "Hutaki?"

"Sitaki kwenda."

Sitaki alikuwa amefundishwa kwa uji wa wimbi. Lakini kwenda hakufundishwa na mtu. Alilitoa mwenyewe ndani ya swali la ami yake, akaliacha Mombasa, akamwacha ami, akaliunga na neno lake mwenyewe.

"Mtoto hana adabu!" alisema shemeji.

"Hana," alisema mume wangu. "Alhamdulillahi, kaka, hana." Akainuka, akauchukua mkoba, akaurudisha chumbani, na aliporudi akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia kaka yake tangu niolewe. "Kula pilau. Mtoto haendi."

Nilipiga vigelegele mpaka mama wa samaki akaja mbio kuuliza kama nimejifungua. Mwalimu alikuwa ameinua sahani yake na kuendelea kula. Kwa haki ya shemeji niseme kwamba alikula, akaomba na kuongezewa. Kabla ya kuondoka alimuuliza mwalimu, akijifanya anatafuta funguo, kama siku moja angeweza kufika Migori, kuna mteja wake mmoja ana mtoto wa kiume hivi hivi.

Jioni nilimpakulia binti yangu pilau iliyobaki, sehemu ya chini yenye viazi, ile ambayo huwa namfichia. Niliipika kwa mikono yangu tangu alfajiri, na pilau yangu hakuna mtu Homa Bay aliyewahi kuikataa. Aliitazama. Akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, taratibu.

"Sitaki," aliniambia.

Niliudhika, siwezi kuficha. Nikainuka, nikakanda unga, nikampikia chapati.